Mtawa wa kike anatoka kwa mtawa wa kike: kesi ya miaka 2,000 na zaidi

Haya wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka niwaeleze kwa nini mpaka leo Wabuddha wanabishana kama mwanamke anaweza kuwa mtawa kamili.

Masimulizi yanaanza na Mahapajapati Gotami, malkia wa ukoo wa Sakya. Maya, mama mzazi wa Buddha, alifariki siku saba baada ya kujifungua. Ndugu yake, huyu Gotami, ndiye aliyemnyonyesha mtoto na kumlea. Mtoto alipokuwa mwalimu mkubwa, mama akaomba awe mtawa. Akakataliwa mara tatu! Basi akanyoa nywele, akatembea peku na wanawake wenzake mpaka Vesali. Akasimama mlangoni analia, miguu imevimba, vumbi tupu.

Ananda, mwanafunzi wa Buddha, akamwombea. Naye akagonga mwamba, ndipo akauliza: je, mwanamke anaweza kufikia ukombozi? Jibu: anaweza. Hapo hoja ikaisha, Gotami akapokewa, ila kwa masharti manane. Mojawapo: mtawa wa kike, hata awe na miaka 100 ya utawa, amsujudie mwanamume aliyeingia leo. Jingine: mwanamke apokewe na watawa wa pande zote mbili, wanaume na wanawake.

Shikeni hilo la pili, ndilo lenye kesi.

Karne ya 3 KK, Mahinda, ambaye masimulizi ya Sri Lanka yanasema ni mtoto wa mfalme Ashoka wa India, alipeleka dini kisiwani humo. Anula, mke wa ndugu wa mfalme, akataka utawa. Mahinda akamwambia sisi wanaume peke yetu hatuwezi, aitwe dada yangu Sanghamitta. Binti mfalme akavuka bahari na watawa wenzake, pamoja na tawi la mti ambao Buddha aliketi chini yake. Mti unaoheshimiwa kuwa ndio huo bado upo Anuradhapura.

Miaka ya 430 BK watawa wanawake wa Sri Lanka wakafika China, wakawapokea wenzao huko. Bahati nzuri! Maana karne ya 11, baada ya vita na Wachola kutoka kusini mwa India, utawa wa wanawake ukafa Sri Lanka. Nani sasa awapokee wapya?

Mwaka 1996 kule Sarnath, watawa kutoka Korea wakashiriki kuwapokea wanawake wa Sri Lanka. Mwaka 1998 ikafanyika tena Bodh Gaya, safari hii wakiwemo watawa wa mkondo wa Kichina. Kwa hiyo ule mbegu uliotoka kisiwani ulirudi nyumbani. Wapinzani wanasema wapi, mnyororo ulishakatika. Thailand, amri ya mwaka 1928 iliwakataza watawa wa kiume kuwapokea wanawake.

Mimi naona swali la Ananda linatosha. Kama anaweza kufika, kwa nini afungiwe njia? Wewe mdau unasemaje? Uwanja ni wenu.