Kabila Huingia Runingani kwa Lafudhi

Katika tamthilia na vichekesho vya televisheni nchini Tanzania, kabila la mtu halitajwi sana, husikika. Vituo hutangaza kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo mtunzi anayetaka kuonyesha mhusika katoka wapi hubakiwa na lafudhi na mavazi. Mlinzi wa getini huvikwa shuka jekundu, akashikishwa rungu na Kiswahili kilichopinda. Dada wa kazi hushuka kwenye basi na begi lake la shangazi kaja, akichanganya "l" na "r". Mwenye nyumba huzungumza Kiswahili cha Dar es Salaam, na kwao hakuulizwi.

Mbinu hii si ya Bongo peke yake. Katika Vitimbi ya KBC, Kenya, Mzee Ojwang alichekesha watu miaka na miaka kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Aliyemwigiza, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Lafudhi, kumbe, ni vazi la jukwaani. Anayelivaa hulipwa, na kicheko humwangukia mwenye nalo kwao.

Huko Nsemulwa, kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, kipimo hicho cha lafudhi hakifai. Katavi ni mkoa wa Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, pamoja na Wafipa na Wasukuma, na makazi ya Katumba yalianza na wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, ambao wengi wao sasa ni raia. Lafudhi ya Kisukuma, ambayo runingani ni ya mshamba, huku yaweza kuwa ya mwalimu au ya mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mkonongo, yeye, hata kuchekwa hachekwi: hayumo.

Rangi ya ngozi nayo ina ajabu yake. Tamthilia za Kituruki zinazoonyeshwa na Azam TV huingizwa sauti za Kiswahili, na humo sultani wa Istanbul huongea Kiswahili sanifu zaidi kuliko anachoruhusiwa Msukuma wa kwenye vichekesho.

Kwa wanawake, tamthilia zimezoea mke mvumilivu, mama mkwe mkorofi na mchepuko. Habari zina upungufu wa namna nyingine. Uchunguzi wa GMMP, mradi wa kimataifa wa kufuatilia vyombo vya habari, ulikuta wanawake ni asilimia 17 ya watu wanaoonekana au kusikika katika habari mwaka 1995, na asilimia 25 mwaka 2020. Katika taarifa za kilimo, mara nyingi picha huwa ya mama akipalilia mahindi, na sauti inayoeleza bei ya mahindi hayo huwa ya mwanamume.