Tunapojisifu kwa Watoto Wetu

Masomo: 1 Samweli 1:1-20; Luka 2:41-52

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo mara nyingi hatulihesabu kuwa kosa, kwa kuwa linafanana sana na furaha. Nalo ni kujisifu kwa ajili ya watoto wetu.

Na tuanze kwa kukiri. Mtoto wetu wa kwanza alipofanya mtihani wa darasa la nane alipata alama 402 kati ya 500. Jumapili iliyofuata tulisimama kanisani wakati wa ushuhuda. Tulisema, "Bwana asifiwe," kisha tukataja alama zile, tena si mara moja. Tukaeleza jinsi tulivyokuwa tukimwamsha alfajiri asome, na jinsi walimu walivyomsifu. Watu wakapiga makofi, nasi tukaketi tumeridhika.

Mama mmoja jirani yetu alikuwa ameketi karibu nasi. Mwanawe alisoma darasa moja na wetu, naye alikuwa kando yake siku ile. Jumapili iliyofuata hawakuja, wala ile nyingine. Tulipokwenda kuwaona, mama yule alitupokea vizuri, akatupikia chai. Tulipokuwa tukiaga akatuambia, "Siku ile mimi pia nilikuwa nimekuja kushukuru. Mwanangu aliugua karibu mwaka mzima, akafanya mtihani akiwa bado dhaifu, na sasa amepona. Lakini mlipomaliza kusema, sikuona tena la kushukuru."

Wapenzi, maneno hayo tulirudi nayo nyumbani, na hata leo tunayo.

Kwa nini wazazi hujisifu kwa watoto wao? Tusiharakishe kuhukumu. Kwetu sisi mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake: Mama Wanjiru, Baba Otieno, Mama Mutua. Jina la mtoto likisifiwa, ni jina letu limesifiwa. Tena tumelipa karo kwa jasho. Wengine wameuza ng'ombe, wengine wamekopa kwenye chama cha ushirika, wengine wameamka usiku kuchuma majani chai. Mtu aliyepanda kwa taabu ana haki ya kufurahi siku ya mavuno. Furaha hiyo si dhambi.

Lakini mitihani yenyewe imetufunza kuhesabu na kulinganisha. Tangu mwaka 1985, mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya kwanza, hata ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, kila matokeo yalipotangazwa tuliona katika magazeti picha za watoto waliobebwa juu mabegani, na wazazi wao wakiimba na kucheza. Mwishoni mwa mwaka 2014 serikali iliacha kutangaza shule na watahiniwa kwa kufuata nafasi zao. Lakini sisi wazazi hatukuacha. Tuliendelea kupanga nafasi wenyewe: sokoni, matangani, arusini, hata kwenye mkutano wa kina mama. Siku hizi alama zile 500 hazipo tena, na katika mtaala mpya mtoto huambiwa kwamba amefikia matarajio au ameyazidi. Nasi tumekwisha kujifunza kuulizana, "Je, wako amezidi?"

Mitihani inaweza kubadilishwa na serikali. Moyo wa mzazi hubadilishwa na Mungu peke yake.

Biblia inatuonyesha jambo hili katika nyumba ya Elkana. Alikuwa na wake wawili, Hana na Penina. Penina alikuwa na watoto, Hana hakuwa nao. Kila mwaka walipanda kwenda Shilo kumwabudu Mungu. Wakati wa sadaka Elkana alimgawia Penina fungu lake, pamoja na mafungu ya wanawe wote na binti zake. Fikirini meza ile. Upande mmoja nyama imejaa, na mikono ya watoto ni mingi. Upande wa pili ameketi mwanamke mmoja ambaye mumewe anampenda, lakini hana mtoto wa kumlisha. Penina alimchokoza mpaka akalia, akashindwa kula. Na jambo hili lilitukia mwaka baada ya mwaka, walipokwenda nyumbani kwa Bwana.

Je, Penina aliomba watoto wale ili wawe fimbo ya kumpigia mwenzake? Hapana. Walikuwa zawadi ya Mungu. Lakini zawadi ikishikwa vibaya hugeuka kuwa fimbo. Tena angalieni: Biblia haikutuachia jina hata moja la watoto wa Penina. Mtoto tunayemjua ni Samweli, yule ambaye mama yake alimwomba kwa machozi, kisha akamrudisha kwa Mungu.

Sasa mtazameni mama mwingine. Yesu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alikutwa hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Wote waliomsikia walistaajabu kwa akili zake. Ni mzazi gani kati yetu ambaye angenyamaza? Lakini Luka anatuambia kwamba Mariamu aliyaweka mambo hayo yote moyoni mwake. Mtoto akarudi Nazareti pamoja na wazazi wake, akawatii, akaendelea kukua. Mariamu hakukosa furaha. Alijua tu mahali pa kuiweka.

Labda msikilizaji anauliza, "Basi tusishuhudie? Tumfiche mtoto aliyefanya vizuri?" La, sivyo. Mtoto akifanya vizuri, apongezwe. Apewe mkono na baba yake, apikiwe chapati na mama yake, aombewe na mchungaji. Lakini tujipime kwa maswali matatu kabla ya kusimama mbele za watu.

Kwanza, ni nani anayesifiwa katika maneno yetu? Tukisema "Bwana asifiwe" mara moja, halafu "mimi nilifanya hivi" mara kumi, basi tumejishuhudia sisi wenyewe. Mtume Paulo anawauliza Wakorintho wana kitu gani ambacho hawakupewa. Akili ya mtoto ni zawadi, na hata mwalimu aliyemfundisha na majirani waliochanga katika harambee ya karo ni zawadi.

Pili, ni nani anayetusikiliza? Huenda ameketi hapo mwenye mtoto aliyeacha shule, au aliyefiwa na mtoto, au asiyebarikiwa na mtoto kabisa. Hatuambiwi tukae kimya siku zote kwa ajili yake. Tunaambiwa tufurahi pamoja na wafurahio na tulie pamoja na waliao. Basi anayefurahi na amkumbuke anayelia karibu naye.

Tatu, mtoto mwenyewe anasikia nini? Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtoto anayesifiwa kila siku kwa alama zake huanza kuamini kwamba anapendwa kwa alama. Siku zikishuka, ataficha ripoti, na pengine ataiba majibu. Na ndugu yake je? Mtoto wetu wa pili hakuwa hodari wa masomo. Baada ya Jumapili ile alituuliza, "Na mimi mtasimama kanisani mseme nini?" Hatukuwa na jibu tayari. Tulimkumbatia, lakini alikuwa amekwisha kujua lililokuwa mioyoni mwetu.

Vidole vya mkono havilingani, wala hakuna mtu anayekata kidole kwa sababu ni kifupi. Mungu hatatuuliza mtoto wetu alipata alama ngapi. Atatuuliza kama tulimfundisha kweli, upendo na kazi, na kama alijua kwamba nyumbani kwake anapendwa hata akishindwa.

Jumapili nyingine tulimwomba mama yule jirani yetu asimame, naye akasimama pamoja na mwanawe. Akasema kwa kifupi, "Alikuwa mgonjwa, sasa ni mzima." Kanisa lote likaimba. Nasi tukaimba pamoja nao, tukiwa na haya kidogo, na furaha kubwa kuliko ile ya kwanza.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, tunakushukuru kwa watoto wote, wa kwetu na wa jirani. Utusamehe pale tulipofanya zawadi yako kuwa fimbo. Uwafariji wenye machozi ya Hana. Utupe moyo wa Mariamu, ujuao kuweka na kutafakari. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.