Sidney Poitier: muosha vyombo aliyefundishwa kusoma

Sidney Poitier alikuwa mwigizaji na mwongozaji wa filamu. Wazazi wake walikuwa wakulima wa nyanya katika visiwa vya Bahamas. Alizaliwa mwaka 1927 mjini Miami, Marekani, kabla ya miezi kutimia. Baba alikwisha kutafuta kisanduku cha kumzikia, lakini mama alikataa kumkatia tamaa mtoto wake.

Shule aliiacha mapema. Akiwa kijana alifika New York, akawa anaosha vyombo mikahawani. Alipoomba kuingia katika kundi la maigizo alifukuzwa, kwa sababu hakujua kusoma vizuri. Ndipo mhudumu mmoja mzee wa mkahawa alipomwona akihangaika na gazeti. Usiku, kazi ikiisha, mzee huyo aliketi naye wakasoma pamoja, juma baada ya juma.

Baadaye Poitier aliigiza kama daktari, mwalimu na mpelelezi. Mwaka 1964 akawa mwanaume mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Kuanzia 1972 aliongoza filamu pia, hata za kuchekesha. Alifariki mwaka 2022, akiwa na miaka 94.

Katika vikundi vyetu wamo wamama wanaoona haya kushika kalamu mbele ya watoto wao. Tusiwacheke. Anayejua herufi aketi na mwenzake jioni, hata nusu saa. Ukurasa huu unatosha kuanzia.