Biti ya rangi ya dhahabu

Katavi tuna dhahabu, lakini biti ya drili ya rangi ya dhahabu unayoiona katika duka la vifaa vya ujenzi Mpanda mjini haina dhahabu. Ni stili iliyopakwa titaniamu naitraidi, tabaka lenye unene wa mikromita chache tu, jembamba kuliko unywele wako.

Hupakwaje? Biti husafishwa na kuwekwa ndani ya chemba iliyoondolewa hewa. Titaniamu hugeuzwa mvuke, kisha gesi ya naitrojeni huingizwa kidogo kidogo:

2Ti + N₂ → 2TiN

Zao hilo huganda juu ya stili. Kwa nini hewa iondolewe kwanza? Oksijeni ingeungana na titaniamu, na molekuli za hewa zingeuzuia mvuke kufika kwenye biti. Eleza sababu zote mbili.

Angalia mtego: usiandike kwamba ni elektrolisisi, maana hapa hakuna elektrolaiti. Wala si kama bati la paa, ambalo huchovywa katika zinki iliyoyeyuka.

Titaniamu naitraidi ni ngumu kuliko stili, hivyo biti hailiki upesi. Fundi akiinoa, tabaka la kwenye ncha huondoka. La pembeni hubaki.