Mechi ya Majeshi Mawili: Saa Moja Uwanjani, Miaka Mingi Kazini

Katika nchi nyingi timu ya jeshi hushindana na timu za raia. Nchini Marekani iko mechi moja ya kila mwaka ambayo pande zote mbili ni askari watarajiwa wa taifa moja. Upande mmoja ni vijana wa Chuo cha Maofisa wa Jeshi la Nchi Kavu, kilichoko West Point kando ya mto Hudson. Upande wa pili ni vijana wa Chuo cha Maofisa wa Jeshi la Majini, kilichoko Annapolis katika jimbo la Maryland. Kwa siku moja vijana hao huwa mahasimu wakubwa. Wamalizapo masomo, huwa maofisa na kutumikia bendera ile ile.

Mchezo wao si kandanda tuijuayo. Mpira una umbo la yai, hushikwa mikononi, na wachezaji huvaa kofia ngumu. Kila upande huwa na watu 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani mita 9 hivi. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Aufikishaye mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho huipatia timu yake pointi 6, kisha timu hiyo hujaribu kuongeza pointi 1 kwa kuupiga teke upite kati ya milingoti. Tangu mwaka 1958 vyuo vyaweza pia kutafuta pointi 2 kwa kuuvusha mpira mstarini mara nyingine.

Mwanzo wake

Mechi ya kwanza ilichezwa West Point tarehe 29 Novemba 1890. Vijana wa majini walikuwa wazoefu, lakini wenyeji karibu wote walikuwa wageni wa mchezo huo. Aliyewakusanya na kuwafundisha ni mwanafunzi mwenzao, Dennis Michie, mtoto wa mwalimu wa chuo hicho. Majini walishinda kwa pointi 24 kwa bila. Mwaka uliofuata Michie na wenzake walisafiri hadi Annapolis, wakalipiza kisasi.

Michie hakuishi kuona jambo alilolianzisha likikua. Mwezi Julai 1898, akiwa ofisa kijana katika vita vya Marekani na Hispania, aliuawa kwa risasi huko Cuba. Uwanja wa West Point una jina lake hadi leo.

Wakati huo mechi yenyewe ilikuwa imesimamishwa. Baada ya mchezo wa mwaka 1893 mabishano kati ya wakubwa wa majeshi hayo yalikuwa makali mno, hata husimuliwa kwamba jenerali mmoja na admeri mmoja nusura wapigane kwa silaha. Serikali ikaona kuwa utani umevuka mpaka, ikavikataza vyuo kutembeleana kwa ajili ya mchezo huo. Waliporudiana mwaka 1899 walikutana Philadelphia, mji usio wa upande wowote.

Mashabiki wa kuazima

Vita Kuu ya Pili ilipoifikia Marekani, petroli na matairi vilianza kugawiwa kwa kipimo. Mwaka 1941 watazamaji karibu laki moja walikuwa wamefurika Philadelphia; mwaka 1942 mechi ilihamishiwa Annapolis, na tikiti ziliuzwa kwa wakazi wa maili 10 tu kuuzunguka mji. Wanafunzi wa West Point hawakuruhusiwa kusafiri kuja kushangilia.

Basi ikatolewa amri ya ajabu. Sehemu ya wanafunzi wa majini waliamriwa kukaa upande wa wageni na kuishangilia timu ya nchi kavu, kwa nyimbo na vigelegele vya wapinzani wao. Walitii. Mwaka uliofuata mechi ilipochezwa West Point, wanafunzi wa nchi kavu nao walilipa deni hilo kwa namna ile ile. Majini walishinda mara zote mbili.

Bwana Ndani na Bwana Nje

Miaka ya 1944 hadi 1946 ilikuwa ya nchi kavu. Chini ya mwalimu Earl Blaik timu yao ilicheza mechi 28 bila kushindwa hata moja. Nguzo zake zilikuwa mbili. Felix Blanchard, kijana mnene mwenye nguvu za fahali, alipasua katikati ya ukuta wa adui, akaitwa Bwana Ndani. Glenn Davis, mwepesi wa miguu, alizunguka pembeni na kuwaacha watu wakishika hewa. Huyo akawa Bwana Nje. Blanchard alipata tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo vyote, mwaka 1945. Davis aliipata mwaka 1946.

Haifai kusahau kwamba vyuo vya raia wakati huo vilikuwa vimepungukiwa na vijana, kwa kuwa wengi walikuwa vitani. Ndiyo sababu mwaka 1946, waliokuwa vitani waliporejea masomoni, watu walitaka kuona kama sifa za West Point zitadumu. Tarehe 9 Novemba timu hiyo ilikutana na Chuo cha Notre Dame mjini New York. Blanchard alichomoka, akabakiwa na mtu mmoja tu mbele yake, Johnny Lujack, aliyekuwa ametoka kutumikia jeshi la majini. Lujack alimdaka miguuni na kumwangusha. Mechi ikaisha bila kwa bila.

Wiki tatu baadaye ikaja zamu ya majini, ambao msimu huo walikuwa wameshinda mara moja tu na kushindwa mara saba. Rais Truman alikuwa miongoni mwa watazamaji. Kufikia mapumziko nchi kavu waliongoza 21 kwa 6, na wengi waliona kazi imekwisha. Kipindi cha pili majini waligeuka simba. Waliongeza pointi 6, kisha 6 nyingine, lakini kila mara teke la kuongeza pointi lilikosa. Katika dakika ya mwisho walikuwa yadi 3 kutoka mstarini, na hapo muda ukakatika. Nchi kavu 21, majini 18. Timu iliyoshindwa mara nane iliondoka uwanjani ikipigiwa makofi.

Desemba ya majonzi

Mechi inayokumbukwa kuliko zote ni ya mwaka 1963. Rais John Kennedy, aliyepata kuwa ofisa wa majini katika vita, alitazamiwa kuhudhuria. Tarehe 22 Novemba aliuawa mjini Dallas. Wengi walidhani mechi itafutwa, lakini jamaa za marehemu waliomba ichezwe. Ikasogezwa hadi tarehe 7 Desemba, mbele ya watu wapatao 102,000.

Majini waliongozwa na Roger Staubach, aliyekuwa amepata tuzo ya Heisman siku chache tu zilizotangulia. Nchi kavu walikuwa na Rollie Stichweh, asiyejulikana sana nje ya chuo chake. Majini waliongoza 21 kwa 7. Ndipo Stichweh alipoubeba mpira mwenyewe hadi ng'ambo ya mstari, akauvusha tena kwa pointi 2, kisha mpira ulipopigwa kuanzisha mchezo akaurukia yeye mwenyewe kabla majini hawajaukamata. Matokeo yakawa 21 kwa 15, na nchi kavu wakawa wanasonga mbele.

Siku hiyo watazamaji wa televisheni walionyeshwa jambo jipya: tendo la Stichweh lilirudiwa papo hapo kwenye kioo. Mtangazaji alilazimika kuwaeleza kwamba nchi kavu hawakufunga mara ya pili.

Nchi kavu walifika yadi 2 kutoka mstarini, wakiwa na nafasi moja tu iliyobaki. Kelele zilikuwa nyingi hata wachezaji hawakuweza kusikia amri. Stichweh alimwomba mwamuzi asimamishe saa. Baadaye saa ikaanza tena kwenda, na kabla wenzake hawajajipanga sawasawa, muda ulikwisha. Nafasi ile ya mwisho haikuchezwa kamwe.

Mwaka 1964 vijana hao wawili walikutana tena. Nchi kavu, waliokuwa wameshindwa miaka mitano mfululizo, walishinda 11 kwa 8.

Baada ya kipenga

Yaliyofuata ndiyo yanayoitofautisha mechi hii na nyingine. Kijana wa chuo cha raia aliyepata sifa kama za Staubach angalikwenda moja kwa moja kucheza kwa mshahara. Staubach alitumikia kwanza miaka minne katika majini, ukiwamo muda wa Vietnam. Mwaka 1969 ndipo alipojiunga na timu ya Dallas, na huko akatwaa ubingwa wa taifa mara mbili. Stichweh naye alipelekwa Vietnam pamoja na askari wa miavuli.

Blanchard alikuwa rubani. Mwaka 1959, akiwa Uingereza, ndege yake iliwaka moto angani. Angaliweza kuruka kwa mwavuli, lakini chini yake palikuwa na kijiji. Alibaki ndani yake, akaitua salama. Baadaye aliruka mara nyingi katika vita vya Vietnam, akastaafu akiwa kanali.

Don Holleder hakurudi. Mwaka 1955 mwalimu Blaik alimwomba aache nafasi iliyompatia sifa, awe kiongozi wa mashambulizi, kazi asiyoijua. Alikubali, akachekwa na kulaumiwa karibu msimu mzima, mpaka aliposaidia kuwashinda majini 14 kwa 6. Tarehe 17 Oktoba 1967, akiwa meja nchini Vietnam, alikuwa akienda kuwasaidia askari walionaswa katika shambulio la kuvizia. Risasi ilimpata njiani. Jengo la michezo la West Point limepewa jina lake.

Mechi hiyo huchezwa kila mwaka hadi leo, kwa kawaida mwezi Desemba. Saa ya mwisho inapogonga, wachezaji wa pande zote mbili huvua kofia na kwenda pamoja kusimama mbele ya wanafunzi wa timu iliyoshindwa, na wimbo wa chuo chao huimbwa kwanza. Kisha wote huvuka uwanja kwenda kwa washindi, na wimbo wa upande huo nao huimbwa. Wazee wetu walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Vijana hao huonyesha pia kwamba mshindi ana wajibu wa kusimama kimya hadi mwenzake amalize kuimba, kwa maana huenda kesho wakawa katika kikosi kimoja.