Pupa ya mfugaji ndiyo huangamiza kamba wa tangini

PUPA ya mfugaji, wala si maradhi, ndiyo huangamiza wengi wa kamba wa maji baridi wanaofugwa katika matangi ya kioo. Mtu hununua kamba kumi au ishirini, akawatia tangini siku iyo hiyo aliyolijaza maji, kisha akawalisha asubuhi na jioni kwa mapenzi tele. Juma halijaisha, wote wamelala chali na miili yao imegeuka rangi ya waridi.

Viumbe hawa ni jamaa wa ochonga, wale uduvi ambao wavuvi wa Ziwa Victoria huwanasa pamoja na omena. Wanaofugwa sana ulimwenguni ni kamba wekundu ambao asili yao ni vijito vya Uchina na Taiwan, na ambao wanasayansi huwaita Neocaridina davidi. Urefu wao ni sentimita tatu hivi na huishi mwaka mmoja hadi miwili. Mmoja wa waliowapa kamba wa maji baridi umaarufu ni mpiga picha wa Japani, Takashi Amano (1954-2015), aliyetumia aina nyingine kubwa zaidi kula mwani uliokuwa ukiisonga mimea ya matangi yake.

Kosa la kwanza, na ndilo kubwa, ni kutumia tangi changa. Kinyesi cha kamba na mabaki ya chakula huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria fulani hugeuza amonia kuwa naitriti, ambayo pia ni sumu, kisha wengine huigeuza naitriti kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao hukaa hasa kwenye sponji la kichujio na kwenye changarawe, na huchukua kati ya wiki nne na sita kuongezeka vya kutosha.

Kwa hivyo, kichujio kinapaswa kuendeshwa kwa muda huo wote kabla ya kamba kununuliwa, huku chembe chache za chakula zikitiwa majini ili bakteria wapate riziki. Vipimo vya matone vinavyouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo ndivyo vitakavyoonyesha iwapo tangi liko tayari: amonia na naitriti ziwe sufuri, nayo naitreti isizidi miligramu 20 kwa kila lita.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Maji ya mfereji hutiwa klorini ili kuua viini vya maradhi, na dawa hiyo haibagui. Huwaua bakteria wa kichujio na kuyachoma matamvua ya kamba. Klorini hutoweka maji yakiachwa wazi kwa saa 24 au zaidi. Hata hivyo, panapotumiwa kloramini, kungoja hakusaidii. Sharti itumike dawa ya kusafisha maji ya samaki ambayo lebo yake inataja kwamba huondoa kloramini.

Hatari nyingine ni shaba. Ajabu ni kwamba damu ya kamba hubeba oksijeni kwa kutumia shaba, jinsi damu ya binadamu inavyotumia chuma. Lakini shaba ikizidi majini, hata kwa kiasi kidogo sana, huwa sumu kali kwake. Dawa kadhaa za kutibu samaki zina shaba, na kipimo kinachomponya samaki chaweza kuwamaliza kamba wote waliomo. Zinki nayo ni hatari, na ndiyo sababu maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa la mabati yanahitaji tahadhari.

Aidha, dawa za kuua wadudu hazina huruma kwa kamba, kwa kuwa kamba na wadudu wana miili inayofanana kwa mengi. Pareto, zao ambalo wakulima wa Kenya wamelikuza kwa miaka mingi, hutoa dawa isiyomdhuru sana binadamu lakini inayowafisha samaki na kamba. Zile zilizotengenezwa viwandani kwa mfano wake, ambazo hupuliziwa mbu na mende majumbani, ni kali vilevile. Chumba chenye tangi kisipuliziwe dawa, na mwenye mikono iliyoshika dawa asiitumbukize majini kabla ya kuiosha. Mimea mipya ya majini nayo ilowekwe kwenye ndoo kwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa kila siku, kwani huenda ilinyunyiziwa dawa shambani.

Baada ya sumu, kifo kingine huja wakati wa kujivua gamba. Kamba hana mifupa. Gamba lake la nje huimarishwa kwa kalisiamu, na kwa kuwa halikui, hulazimika kulivua mara kwa mara na kuota jingine. Gamba tupu linaloelea majini si maiti, na lisitupwe kwani kamba hulila ili kurudisha madini mwilini. Gamba likikwama, huonekana mstari mweupe ukizunguka mwili nyuma ya kichwa, na ni nadra kamba huyo kupona.

Tatizo hili aghalabu hutokana na maji yenye madini machache au mabadiliko ya ghafla. Maji ya mito itokayo milimani kwa kawaida huwa na madini haba, ilhali visima vya pwani vilivyochimbwa katika miamba ya matumbawe huwa na chokaa nyingi, na vingine chumvi. Mfugaji anafaa kupima maji yake kwanza, na yakipungukiwa, aongeze madini yanayouzwa kwa ajili ya kamba. Kila wiki abadilishe takriban asilimia kumi tu ya maji, na maji mapya yawe na joto sawa na ya zamani.

Utaratibu uo huo hufuatwa kamba wanapoletwa nyumbani. Wasimwagwe tangini moja kwa moja. Hutiwa kwenye ndoo pamoja na maji waliyokuja nayo, kisha maji ya tangi huingizwa tone kwa tone kupitia mpira mwembamba kwa muda wa saa moja hadi mbili.

Kuhusu chakula, kamba hushinda wakitafuna mwani na uchafu laini uliotanda kwenye mimea. Chakula cha ziada kiwe kidogo, mara mbili au tatu kwa wiki, na kinachobaki baada ya saa mbili kiondolewe.

Joto nalo lisipuuzwe. Kamba wekundu hustawi kati ya nyuzi 20 na 26. Maji yakipita nyuzi 30 oksijeni hupungua, hivyo katika miji yenye joto kama Mombasa ni muhimu kuwa na pampu ya hewa. Umeme unapopotea kwa saa nyingi, pampu ndogo ya betri huwaokoa kamba na bakteria wa kichujio pia.

Vifo vikitokea, namna vilivyotokea ni ushahidi. Wakifa wengi kwa saa chache, yaelekea ni sumu, na walio hai wahamishiwe mara moja kwenye maji safi yasiyo na klorini. Wakifa siku chache baada ya kununuliwa, ichunguzwe safari yao na jinsi walivyoingizwa tangini. Wakifa mmojammoja kwa majuma, yapimwe amonia, naitriti na madini. Kubadilisha maji yote kwa hofu, bila kujua kiini, huweza kuwamaliza waliosalia.

Mfugaji atakayekuwa na subira hatahitaji kuambiwa kwamba amefaulu. Atamwona kamba jike akipepea mayai aliyoyabeba chini ya mkia, na baada ya wiki tatu au nne, vitoto visivyozidi ukubwa wa punje ya simsim vitatambaa kwenye majani.