Ampli ya Vali Ikisumbua: Yapi ya Wanakwaya, Yapi ya Fundi



Ziko parokia ambazo zimepokea kutoka kwa marafiki wa ng'ambo ampli za gitaa za aina ya zamani, zile zinazotumia vali, yaani taa za kioo, badala ya transista. Fender Twin Reverb na Vox AC30 ni mifano inayojulikana sana. Ni vyombo vizuri vyenye sauti nene, lakini vinadai matunzo ambayo ampli ya kawaida haidai. Tumeona vema kuzieleza kamati za parokia kazi ambayo wanakwaya wanaweza kuifanya wenyewe, na ile ya kumwachia fundi.

Tuanze na hatari. Ndani ya Twin Reverb mna umeme wa volti zaidi ya 400, na kapasita zake zaweza kuuhifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa hiyo asiye fundi asifungue kabisa sanduku la chuma lenye nyaya. Pia ampli nyingi za Marekani za miaka ya 1960 zilitoka kiwandani na plagi ya pini mbili, bila waya wa ethi. Mpiga gitaa akishika nyuzi kwa mkono mmoja na maikrofoni kwa mwingine, mwili wake waweza kuwa njia ya umeme. Mwaka 1972 Leslie Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni isiyokuwa na ethi. Ampli ya pini mbili isipigwe kanisani mpaka fundi aiwekee waya wa pini tatu.

Kabla ya kuchomeka, someni pia kibandiko cha nyuma. Ampli ya soko la Marekani hutaka volti 120, na umeme wetu wa 230 au 240 utaiunguza. Itafutieni transfoma ya kushusha umeme. Kwa ampli ya wati 85, transfoma ya wati 500 yatosha.

Sasa ubovu wenyewe. Ampli ikinyamaza au ikikwaruza, msikimbilie kulaumu vali. Badilisheni kwanza waya wa gitaa, kisha waya wa spika, maana hizo ndizo hukatika mara nyingi. Ila msiiwashe kamwe ampli ya vali bila spika kuunganishwa: transfoma ya kutolea sauti yaweza kuungua, nayo ni ghali.

Kama waya ni nzima, tazameni vali kwa nyuma. Juu au ubavuni mwa kioo kuna doa linalong'aa kama fedha. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na vali hiyo imekufa. Vali kubwa ikiwaka wekundu kwenye bamba lake la chuma (si ule mwanga mdogo wa katikati, ambao ni wa kawaida), zimeni mara moja.

Kelele za kulia kama kengele hutoka zaidi kwenye vali ndogo, aina ya 12AX7. Gongeni kila moja taratibu kwa penseli ya mbao huku ampli ikiwaka. Ile inayosikika kwa nguvu kwenye spika ndiyo mgonjwa. Kuibadilisha ni rahisi: zimeni, chomoeni plagi, subirini ipoe, vuteni, chomekeni nyingine ya aina ileile. Vali kubwa ni habari nyingine. Hununuliwa zikiwa zimelinganishwa, na kwa ampli kama Twin Reverb fundi hupima na kurekebisha mkondo wake.

Fyuzi ikikatika, wekeni ya kipimo kilekile. Ikikatika tena, msiweke kubwa zaidi, wala ile karatasi ya sigara tunayoijua sote. Muungurumo mzito usiokoma, hata gitaa likichomolewa, mara nyingi ni kapasita zilizochoka; katika ampli ya miaka ya 1970 ambayo haijawahi kubadilishwa, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya fundi. Wazee waliotengeneza redio za vali wangalipo katika baadhi ya miji, na kwa kazi hii tungewaamini kuliko kijana wa simu.

Na vitambaa vya kufunika ampli, hata kama akina mama wamevidarizi vizuri, viondolewe kabla ya kuwasha. Vali hutoa joto jingi.

Kwa wafadhili wetu, ombi moja. Vali mpya hutengenezwa hasa Urusi, Slovakia na China, na si kila mji wetu una duka la kuziuza. Mkituma ampli, tumeni pamoja nayo seti moja ya vali za akiba, fyuzi kumi na transfoma ikihitajika. Na kama bado hamjanunua, tungependelea ampli ya transista.